Kuku wa Mei Mosi



Katika toleo hili nilitakiwa niandike juu ya mishahara, na ningeandika juu ya mishahara kama nilivyozoea, maana jambo hilo halijawahi kupungukiwa na maneno. Kima cha chini kilichotangazwa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada wa kima kipya mwaka 2019, Rais akakataa kuutia sahihi, na habari ikaishia hapo. Haya mmeyasikia mara nyingi. Safari hii naomba niseme juu ya kuku. Najua wako watakaocheka. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho, kwani mishahara nayo imo humu humu.

Mwaka jana tawi letu la Arua liliamua kwamba Mei Mosi isipite bila wanachama kula pamoja. Mimi, kwa kuwa ni katibu, nikapewa kazi ya kununua kuku. Kuku wa kienyeji mjini Arua walikuwa wamepanda bei, na ikasemwa mkutanoni kwamba afadhali tununue Koboko siku ya soko, ambako huletwa kwa wingi kutoka vijijini na kutoka upande wa Kongo. Kutoka Koboko mpaka Arua ni kilomita hamsini na kitu, na njia ni lami siku hizi. Ndiyo ile barabara ya kilomita 92 inayoanzia Vurra mpakani mwa Kongo, ikapita Arua na Koboko, ikafika Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Hakuna aliyeona tatizo.

Nikanunua kuku 36 kwa shilingi 25,000 kila mmoja. Mama aliyeniuzia, Hajati mmoja mwenye umri wa kuheshimika, aliniuliza: "Mwanangu, umekuja na tenga?" Nikamjibu kwamba sina, na kwamba bodaboda atajua mwenyewe namna ya kuwafunga. Akasema matenga yapo, shilingi 20,000 moja, na kila tenga huingia kuku kumi na wawili bila kubanana. Matatu yangetosha. Nikapiga hesabu, nikaona shilingi 60,000 ni fedha ya chama, na fedha ya chama haichezewi. "Hapana Mama," nikasema, "pesa ya tenga haipo."

Kijana wa pikipiki akawafunga miguu kwa kamba za katani, sita sita, akawaning'iniza kichwa chini, mafungu mawili kwenye usukani na manne kwenye mti alioulaza nyuma ya kiti. Tulikubaliana shilingi 50,000. Aliondoka saa tatu asubuhi. Mimi nilipanda teksi nikatangulia. Njiani alipata pancha, akangoja fundi juani, na Arua alifika saa saba mchana. Kuku saba walikuwa wamekufa. Wengine wawili hawakuweza kusimama tena hata baada ya kufunguliwa. Miguu ilikuwa imevimba na kuwa myeusi pale kamba ilipokaza.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo ninapoona haya. Nilimkata yule kijana. Nilimwambia amepoteza mali ya chama, nikampa shilingi 20,000 badala ya 50,000. Mimi, ambaye kila mwezi nasimama mbele ya waajiri na kusema kwamba mfanyakazi asikatwe ujira kwa hasara ambayo hakuisababisha, nilimkata kijana wa watu shilingi 30,000 mbele ya ofisi ya chama, chini ya bendera ya chama. Naye hakunitukana. Alisema tu, "Mzee, si wewe uliyesema pesa ya tenga haipo?"

Kuku saba kwa shilingi 25,000 ni shilingi 175,000. Matenga matatu ni 60,000. Hesabu hiyo sikuhitaji karani wa kunisaidia.

Nimeeleza habari hii kwa urefu kwa sababu ni ya kawaida mno. Simama asubuhi yoyote kando ya barabara ya Koboko, au pale mabasi yanapopakia, utawaona: kwenye usukani wa baiskeli, kwenye pikipiki, juu ya paa la basi katikati ya magunia na magodoro. Kuku wa West Nile husafiri sana kuliko wengi wetu. Wengine huvuka Oraba kwenda Sudan Kusini, maana tangu mapatano ya amani ya mwaka 2005 soko la huko lilifunguka kwa bidhaa za Uganda, likasinyaa vita vilipozuka Desemba 2013 na tena Julai 2016, kisha likafufuka kila hali ilipotulia. Wengine huvuka kwenda Kongo, na wengine hutoka Kongo kuja kwetu. Karibu wote husafiri wakiwa wameangalia ardhi kwa juu.

Watu husema kuku akining'inizwa hutulia, kwa hiyo haumii. Mimi pia niliamini hivyo. Daktari wa mifugo niliyemwuliza baadaye alinifafanulia jambo ambalo naona kila mfanyabiashara wa kuku angepaswa kuambiwa. Mtu, mbuzi na ng'ombe wana kiwambo kinachotenga mapafu na tumbo. Ndege hana kiwambo cha namna hiyo. Ukimgeuza kichwa chini, matumbo na ini na firigisi vyote huelemea mifuko ya hewa anayopumulia. Anatulia kwa sababu ana hofu na pumzi ni kazi. Tena kuku hatoi jasho. Njia yake ya kupoza mwili ni kuhema kwa mdomo wazi, na hiyo ndiyo njia tunayomziba tunapomgeuza juani mwezi wa Februari, wakati sisi wenyewe tunatafuta kivuli cha mwembe.

Wako wanaotetea kwamba hii ni desturi yetu tangu mababu. Nakataa. Mama yangu alikuwa akitembea kutoka kijijini kwenda mnadani na kuku mmoja kwapani, ameshika mabawa kwa mkono, na kuku akiangalia njia kama yeye. Akiwa na wengi aliwatia ndani ya kikapu kichwani. Kuning'iniza kulikuja na haraka ya baiskeli na pikipiki. Wazee wetu walikuwa na makosa yao (sehemu nyingi za Uganda wanawake walifuga kuku na kukatazwa kumla, na hilo hatulirudishi) lakini kosa hili tusiwatupie.

Wala si kwamba sheria haipo. Uganda ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tangu mwaka 1957, kabla ya Uhuru, na ndani yake kumbeba mnyama kwa namna inayomletea mateso yasiyo ya lazima ni kosa. Tanzania walitunga sheria yao ya ustawi wa wanyama mwaka 2008. Lakini sheria bila mtu wa kuisimamia twaijua sisi wafanyakazi kuliko watu wote. Na mimi sipendi sheria hiyo ianze kwa kumkamata kijana wa pikipiki, kwa maana atalipa faini yeye, na aliyemnyima fedha ya tenga atabaki anakunywa chai. Ningetaka aulizwe kwanza mwenye mzigo.

Hayo ni ya kuku wa kienyeji, ambaye angalau kabla ya safari yake alichakura alipotaka na kulala juu ya mti. Kuku wa mayai ana habari nyingine.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo alikuja ofisini dada mmoja anayefanya kazi ya kulisha kuku nje kidogo ya mji wa Arua. Tajiri wake, ambaye simtaji, alikuwa na kuku wa mayai mia nne katika vizimba vya waya. Bei ya mahindi na ya mukene ikapanda, mayai ya kutoka upande wa Kampala yakaendelea kuja kwa malori, na yeye akashindwa. Dada huyu alikuwa hajalipwa miezi minne, kwa mshahara wa shilingi 150,000. Siku ya mwisho tajiri alimwambia hana fedha, achukue kuku arobaini, kila mmoja kwa 15,000, na deni la 600,000 limekwisha. Mchuuzi aliyekuja kuwatazama alisema hawezi kutoa zaidi ya 8,000, kwani walikuwa hawana manyoya.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema mshahara ulipwe kwa fedha halali. Kuku si fedha halali. Kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa wazi, na barua ilikwenda. Jambo la pili ndilo lililotusumbua: kuku arobaini walikuwa wamefungiwa katika chumba cha dada huyo cha kupanga, hawana chakula, na mwenye nyumba amekwisha kupiga kelele. Wenzetu wawili katika kamati walisema warudishwe kwa tajiri, kwani tukiwapokea tutakuwa tumekubali mshahara wa kuku. Kwa kanuni walikuwa na haki. Lakini tajiri alikuwa amefunga geti na kwenda zake, na kuku hawangoji ofisa wa kazi.

Tulikwenda kuwaona. Mimi nimekulia kwenye kuku na sikuwahi kuona kuku wa namna ile. Shingo tupu, mgongo mwekundu, kilemba kimepauka na kulala upande mmoja kama kitambaa kilicholowa. Midomo ilikuwa imekatwa ncha walipokuwa vifaranga ili wasidonoane. Kucha zilikuwa ndefu na kupinda kwa kukosa udongo wa kuzisugulia. Tulipomweka mmoja chini uani, alisimama pale pale tulipomweka. Hakuchakura. Hakukimbia. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu na hajakanyaga ardhi.

Nikaanza kuuliza na kusoma. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki kumi na nane au ishirini, na katika mwaka wake mmoja wa kazi hutoa mayai karibu mia tatu. Kuku wetu wa kienyeji akitoa hamsini kwa mwaka, pamoja na kuatamia na kulea, tunamsifu. Ganda la yai ni chokaa, na chokaa hiyo kuku huitoa katika chakula, na kisipotosha huitoa katika mifupa yake mwenyewe. Ndiyo maana kuku wa mayai aliyechakaa huvunjika mguu au kidari ukimshika vibaya. Ili atage kila siku, taa huwashwa bandani apate mwanga wa saa kumi na sita. Saa kumi na sita, ndugu zangu! Sisi ambao Sheria ya Ajira inasema saa 48 kwa wiki, na babu zetu wa vyama vya wafanyakazi waliopata mkataba wa saa nane kwa siku huko Washington mwaka 1919. Akimaliza mwaka wake, huuzwa kwa bei ya supu, na wengine wanaletwa. Hana siku ya mapumziko, hana NSSF.

Silinganishi mtu na kuku. Baba yangu alipakiwa kwenye lori pamoja na vijana wenzake wa West Nile kwenda kukata miwa Busoga, na aliporudi miaka sita baadaye mgongo wake ulikuwa umekwisha; nisingependa mtu aseme nimemfananisha na kuku. Ninachosema ni kwamba hesabu inayotumika ni moja. Ni ile hesabu inayoandika chakula, dawa, umeme na vibarua katika safu moja ya gharama, na kila kinachoweza kupunguzwa katika safu hiyo hupunguzwa. Dada yule hakulipwa kwa sababu ile ile iliyomfanya kuku akose nafasi ya kugeuka.

Wenzetu wa Ulaya waliligombania jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1964 mwanamke wa Uingereza, Ruth Harrison, alitoa kitabu juu ya wanyama waliogeuzwa mashine. Mwaka uliofuata serikali ya huko ikapokea taarifa ya kamati iliyoongozwa na Brambell. Na mwaka 1979 baraza lao la ustawi wa mifugo likaweka yale yanayoitwa uhuru tano wa mnyama: asishinde na njaa wala kiu, asikose starehe ya mahali pa kukaa, asiachwe na maumivu wala ugonjwa, apate kufanya mambo ya asili yake, na asiishi kwa hofu. Ukiusoma mpangilio huo polepole utaona unafanana na madai ambayo tawi lolote lingeweza kupeleka kwa mwajiri. Switzerland ilikuwa imeondoa vizimba tangu mwanzo wa miaka ya tisini. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vitupu vya waya kuanzia tarehe 1 Januari 2012. Kabla ya hapo kipimo kilichoruhusiwa kilikuwa sentimeta za mraba 550 kwa kuku mmoja. Chukua karatasi ya kawaida ya kupigia taipu, ikate kipande upana wa vidole viwili. Kilichobaki ndicho chumba chake.

Na huko Uingereza kuna shirika lililoanzishwa mwaka 2005 na mama mmoja, Jane Howorth, linalochukua kuku waliomaliza kazi katika mashamba ya mayai na kuwagawa kwa watu wanaotaka kuwaweka nyumbani. Limekwisha kuwapatia makao mamia ya maelfu. Niliposikia habari hiyo zamani nilidhani ni mchezo wa watu walioshiba. Sasa nasema pole pole zaidi.

Basi tuliamua hivi. Wanachama kumi na saba walijitokeza kuwanunua wale kuku arobaini kwa shilingi 10,000 kila mmoja, fedha taslimu mkononi mwa dada huyo. Akapata 400,000. Zile 200,000 zilizobaki bado tunamdai tajiri, na tumeandika waziwazi kwamba kununua kwetu si kukubali kwamba kuku ni mshahara.

Mimi nilichukua watatu. Nataka niwaambie ukweli wa jambo hili, kwani tayari wako wanachama wengine wanaouliza. Kwanza, si biashara. Kuku huyu hula gramu mia na kumi na zaidi kwa siku, na anataka chakula chenye chokaa; ukimwachia ajitafutie peke yake kama kuku wa kienyeji atakonda na kufa, kwa sababu hakufundishwa na mama yake kutafuta. Pili, watatu kati ya wale arobaini walikufa wiki ya kwanza. Mmoja alikuwa wangu. Tatu, usimchanganye na kuku wako siku ile ile. Kuku wa kijijini anaweza kuwa na mdondo usioonekana, na mgeni naye anaweza kuleta ya kwake. Wakae mbali kwa wiki mbili, na wote wachanjwe. Chanjo ya mdondo inayostahimili joto ipo, ile iliyotengenezwa na akina Profesa Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na iliyosambaa Tanzania na Msumbiji: tone moja la jichoni kila baada ya miezi mitatu. Msimu wa kiangazi mdondo huweza kufagia kijiji kizima, na sioni maana ya kuokoa kuku arobaini ili uue mia nne za jirani.

Usisahau pia na afya yako. Januari 2017 homa ya ndege ilionekana Uganda, katika ndege wa porini huko Lutembe kando ya Ziwa Victoria, na Kenya ikazuia kuku wetu wasiingie. Anayeshika kuku kwa kazi yake, sokoni au bandani, anastahili maji, sabuni na glavu, na hilo ni dai la chama kama lilivyo dai lingine lolote.

Baada ya siku tisa mmoja wa kuku wangu alichakura. Nilikuwa nimekaa barazani na chai. Alikwaruza mara moja, akarudi nyuma, akatazama alichokifanya, akakwaruza tena. Baada ya wiki tatu alijichimbia shimo chini ya mpapai na kuoga vumbi mpaka mke wangu akadhani ana kifafa. Manyoya yaliota. Kilemba kikawa chekundu. Sasa hutaga mayai manne kwa wiki, wakati mwingine matatu. Mwanachama mwenzangu mmoja aliwachinja wake wote Krismasi, na wako waliotaka kumsema mkutanoni. Sikukubali. Aliwalisha miezi minne, akawachinja kwa kisu kikali nyumbani kwake, watoto wakala. Hatukuanzisha dini.

Pingamizi kubwa kuliko zote lilitoka kwa mwanachama anayeuza mayai sokoni, naye nampa nafasi yake, kwa sababu anajua kazi hii kuliko mimi. Alisema: "Ndugu Katibu, wewe unawaambia watu wanunue mayai ya kuku wanaotembea. Mteja wangu ananunua mayai mawili, si trei. Ukipandisha shilingi mia moja anakwenda kwa jirani. Nani atalipa huo wema wenu?" Sina jibu la kumfunga mdomo. Mama mwenye watoto watano anayenunua mayai mawili hana wa kulaumiwa, na yeyote atakayemhubiria juu ya vizimba hajui njaa. Lakini si wote sokoni ni mama huyo. Hoteli zinanunua. Shule zinanunua. Mashirika yenye magari meupe yanayohudumia wakimbizi Rhino Camp, Imvepi na Lobule yanafanya semina na kununua trei kwa makumi. Sisi wenyewe tawi tunanunua kila mkutano mkuu. Anayenunua trei ishirini ana uwezo wa kuuliza: kuku hawa wanakaa wapi, wanaletwaje, na anayewalisha amelipwa lini? Muuzaji akijua swali hilo litarudi mwezi ujao, ataliuliza kwa tajiri wake.

Na katika kuuliza, tusidanganywe na kiini. Watu wengi huamini kiini cha manjano kinaonyesha kuku aliyefugwa vizuri. Rangi hiyo hutokana na chakula, mahindi ya njano au majani, au rangi iliyotiwa katika chakula, na kuku wa kizimbani anaweza kupewa vyote. Rangi ya ganda nayo ni ya mbegu ya kuku. Njia ya kujua ni kwenda kuona banda. Hapa West Nile tuna bahati kwamba mabanda mengi ni ya maranda chini, kuku akitembea humo. Vizimba vinaingia taratibu, vikisifiwa kwamba vinaokoa nafasi na kibarua. Wafanyakazi tukisikia kifaa kinasifiwa kwa kuokoa kibarua tusipige makofi haraka.

Wengine walisema: watu kwanza, kuku baadaye. Nimelisikia neno hilo kwa heshima, lakini nimegundua kwamba wale wanaolisema kwa sauti kubwa hawafiki kamwe kwa watu. Nilimnyima kuku tenga na siku hiyo hiyo nikamnyima kijana ujira wake. Yote mawili niliyafanya kwa mkono mmoja, na kwa sababu moja.

Yule kijana nilimtafuta wiki tatu baada ya Mei Mosi, kwenye stendi yao karibu na soko, nikamrudishia shilingi 30,000 mbele ya wenzake. Zilitoka mfukoni mwangu, si kwenye sanduku la chama, na mwekahazina ana habari.

Kamati imenunua matenga kumi na mawili ya fito na mianzi kutoka kwa wasukaji wa Koboko. Manane yamewekwa ofisi ya Arua na manne yako kwa mwakilishi wetu Koboko. Mwanachama, mchuuzi au mwenye pikipiki yeyote anaweza kuazima kwa kuandika jina daftarini. Amana ni shilingi 5,000, nayo hurudishwa. Tenga moja lisizidi kuku kumi na wawili, na lisifunikwe turubai juani. Chakula cha Mei Mosi ijayo hakitanunuliwa kwa mtu atakayeleta kuku wa kuning'iniza, awe rafiki wa nani.

Ama kuhusu shilingi 200,000 za dada yetu, shauri liko kwa ofisa wa kazi. Tajiri ameitwa mara mbili na hakufika. Wanachama wanaoweza kuja kusimama naye siku ya kuitwa mara ya tatu waache majina ofisini.